Kupiga OS kompyuta 30 kwa neti, zijue mashine zako kwanza

Wakuu, mwaka jana nilipata kazi ya kupiga Ubuntu (OS, yaani mfumo endeshi) kompyuta 30 za maabara ya shule moja huku Mbagala, zote used za Kariakoo, na mnajua used zilivyo, hii ya 2010 ile ya 2018, mbili zinazofanana huzioni. Kwa flashi ningekesha, nikaamua kupiga kwa neti, yaani PXE, mashine ikiwaka inaomba anwani ya neti kwa DHCP (huduma ya kugawa anwani), inavuta faili la kubuti kwenye sava kwa TFTP (njia nyepesi ya kuvuta faili) halafu mambo yanaendelea yenyewe.

Nikaweka faili moja tu la kubuti kwa zote, undionly.kpxe. Za zamani zikabuti safi, zile mpya skrini nyeusi alafu zinarudi kwenye menyu. Nimebadilisha waya, nimebadilisha swichi, mpaka saa nne usiku, kumbe lile faili ni la BIOS ya kizamani (programu ya kwenye ubao inayoamsha mashine) na mashine za UEFI, mrithi wa BIOS, zinataka la kwao, ipxe.efi. Na mashine yenyewe inajitambulisha pale inapoomba anwani, kwenye option 93 (sehemu ya ombi la DHCP inayotaja aina ya mashine), ikisema 0 hiyo ni BIOS, 7 ni UEFI ya biti 64 (zipo zinazosema 9, zipe hilo hilo la UEFI). Kwenye dnsmasq, programu ya DHCP na TFTP pale kwenye sava, ni mistari michache tu:

dhcp-match=set:efi,option:client-arch,7
dhcp-match=set:efi,option:client-arch,9
dhcp-boot=tag:efi,ipxe.efi
dhcp-boot=tag:!efi,undionly.kpxe

Zima Secure Boot (ulinzi wa UEFI unaokataa faili la kubuti lisilo na saini inayoaminika), la sivyo ipxe.efi ya kujitengenezea itakataliwa. Tumia swichi yako pekee, usichomeke kwenye neti yenye ruta inayogawa anwani, zitagombana. Na ukiona installer inasema haioni diski usikimbilie kusema imekufa, ingia BIOS uangalie kama hali ya diski imewekwa RAID (ya kuunganisha diski kadhaa), irudishe AHCI (ya kawaida).

Ila kilichonitesa zaidi ni betri, ile ya duara CR2032 kwenye ubao. Ikiisha, kwenye mashine nyingi ukichomoa umeme setingi zinapotea, ulichopanga kuhusu kubuti kwa neti hakipo tena, na saa inarudi nyuma miaka kibao, mashine inabuti vizuri tu halafu inakwama kwenye kuvuta paketi kwa sababu apt, programu ya Ubuntu ya kuvuta paketi, inaona faili za sava zina tarehe ya mbele. Ukikuta tarehe ya ajabu kwenye BIOS badilisha betri kabla hujagusa kingine, mimi nilibadilisha 11 siku ile.