Mama bado hajafikia makao ya wazee, ila wewe umechoka

*Shangazi, shikamoo. Mama yangu ana miaka 79 na ninaishi naye. Mwaka jana alianguka bafuni. Hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo anaogopa kuoga peke yake. Dawa za presha, leo anameza mara mbili, kesho hamezi kabisa. Mimi ndiye kitinda mimba, naenda kazini mchana na usiku silali vizuri kwa kumsikiliza. Kaka anasema tumtafutie makao ya wazee. Dada anasema huko ni kumtupa mama. Tukianza kubishana, mama mwenyewe ananyamaza. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu.

Kaka na dada yako wanavutana kati ya nyumbani na makaoni kana kwamba hakuna kitu katikati. Huduma za katikati ni nyingi, na kwa unavyomweleza mama, hizo ndizo zinazomfaa sasa. Anzeni na swali dogo zaidi: ni jambo gani hasa limemshinda, na linamshinda saa ngapi?

Wahudumu wa wazee huangalia mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Kipimo hicho alikitoa daktari Mmarekani, Sidney Katz, pamoja na wenzake mwaka 1963, na bado kinatumika. Kwa kawaida, kabla ya hayo sita huanza kuyumba mambo mengine kama pesa, dawa, mapishi na safari. Mama yako dawa zimemshinda na kuoga kunamtisha. Mengine hukuniambia, basi chukua daftari uandike kwa wiki nzima, mchana na usiku. Saa ni muhimu sana. Mzee anayehitaji kuogeshwa asubuhi anahitaji mtu wa kuja saa moja na kuondoka. Anayeamka usiku wa manane akitafuta mlango wa kutokea anahitaji mtu aliye macho hadi kunakucha.

Daftari hilo mpelekee daktari kabla hujamwajiri yeyote. Kuanguka kunaweza kutokana na macho, na dawa zinazogongana, au na presha inayoshuka mtu anaposimama. Kusahau nako kuna sababu nyingi, baadhi zinatibika. Na tafadhali likumbuke hili: mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usiseme ni uzee. Mara nyingi ni maambukizi, kwa mfano ya njia ya mkojo, na anahitaji kutibiwa upesi. Dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwa kawaida huja polepole.

Sasa msaada wenyewe. Mhudumu wa nyumbani na muuguzi wa nyumbani ni watu wawili tofauti, na familia nyingi zinaumia hapa. Muuguzi huja kwa kidonda, sindano au mpira wa mkojo. Mhudumu huja kwa kuoga, kuvaa, kula na kutembea. Ukimwachia mhudumu kidonda, kitaharibika; ukimlipa muuguzi kwa kazi ya kuogesha, pesa zitakwisha mapema. Mama yako anahitaji mhudumu. Bafuni fungeni vyuma vya kushikilia ukutani, wekeni mkeka usioteleza na kiti cha kuogea. Mhudumu mzuri utamjua hapo: atamfunika mama mabega kwa taulo wakati anamwosha miguu, na kitambaa cha uso atamwachia mwenyewe. Dawa nazo zipangwe kwenye kasha la vyumba saba, na mtu mmoja awe na jukumu la kulijaza.

Kuna pia vituo vya kutwa, ambako mzee hushinda na wenzake na jioni akarudi nyumbani. Na kuna huduma ya kumpumzisha mlezi: mzee anakaa mahali salama siku chache, hata wiki kadhaa, wewe ukapata usingizi. Usisubiri uanguke ndipo uiombe. Nakuambia kwa moyo wote, mlezi aliyeishiwa nguvu ndiye anayefanya mzee apelekwe makaoni kabla ya wakati wake.

Wakati huo ukifika utaujua. Kumwinua kutahitaji watu wawili, au atatoka nje usiku, au vidonda vya kulala vitaanza. Hapo tena msichanganye. Kuna makazi ambako mzee ana chumba chake na husaidiwa mambo machache, kuna makao yenye wauguzi saa 24, na kuna sehemu maalumu za wenye dimenshia. Nendeni bila taarifa, jioni au mwisho wa wiki. Tazameni kengele ikilia inachukua muda gani kuitikiwa. Ulizeni usiku wanabaki wahudumu wangapi, na hali ikizidi kuwa mbaya mzee atabaki hapo au atahamishwa. Dada yako aende pia. Asiyeona kwa macho yake ataendelea kuita kila makao jalala.

Tiba shufaa nayo isiwatishe. Lengo lake ni kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, inaweza kutolewa pamoja na matibabu mengine, na mgonjwa anaweza kuipata hata akiwa nyumbani.

Kuhusu ukimya wa mama, nadhani anasikia akijadiliwa kama mzigo. Kaa naye peke yenu, asubuhi akiwa ametulia, umuulize anachokiogopa zaidi na nani angependa amsemee kuhusu pesa na matibabu siku asipoweza. Jibu lake liwekwe kwa maandishi, kwa utaratibu wa sheria, sasa hivi akili ikiwa timamu. Baadaye haitawezekana.

Halafu waite ndugu zako, mama akiwepo. Kaka alipie mhudumu wa asubuhi. Dada achukue usiku wa Ijumaa na Jumamosi, kila wiki. Kubalianeni kukutana tena baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi mama akianguka au akilazwa, kwa sababu huduma inayomtosha leo huenda isimtoshe akitoka hospitalini.