Pesa ya Kununua Timu Haiingii Kwenye Timu

SWALI: Imetangazwa kwamba timu ninayoishabikia imenunuliwa na tajiri mpya. Kiasi kilichotajwa ni kikubwa, na wenzangu wameshaanza kuhesabu washambuliaji watakaosajiliwa dirisha lijalo. Ila klabu ina madeni ya zamani, na kuna mtu anayejiita mshauri wa uwekezaji anayesema dawa yake ni kufungua kampuni mpya yenye jina lilelile, kisha madeni yaachwe kwenye kampuni ya zamani. Je, fedha za ununuzi zitakwenda wapi? Na ushauri huo unafaa?

JIBU: Zitakwenda kwa aliyeuza. Zote.

Naletewa swali hili kila timu inapouzwa, na karibu kila mara limebeba hesabu ileile: chukua bei ya timu, igawe kwa bei ya mshambuliaji. Hesabu hiyo haipo. Anayenunua hisa anamlipa mwenye hisa. Ukinunua nyumba yangu, fedha zako zinaingia mfukoni mwangu. Paa lililokuwa likivuja linaendelea kuvuja, na sasa ni paa lako.

Tazama Chelsea mwaka 2022. Hisa ziliuzwa kwa pauni bilioni 2.5, na kwa kuwa muuzaji alikuwa amewekewa vikwazo na serikali ya Uingereza, fedha hizo zikawekwa kwenye akaunti iliyozuiwa nchini humo kwa lengo la kwenda kwenye misaada, si kwa klabu. Wanunuzi waliahidi pauni bilioni 1.75 nyingine kwa ajili ya uwanja, vijana, timu ya wanawake na mengineyo. Ahadi ile ya pili ndiyo iliyoihusu klabu. Vichwa vya habari vilijumlisha namba mbili zisizojumlishika, na hadi leo nakutana na watu wanaozitaja kama fungu moja.

Ukipata mkataba wa mauziano ya hisa, ruka kurasa za utangulizi uende moja kwa moja kwenye kipengele cha malipo. Utakuta mnunuzi atamlipa muuzaji, kwenye akaunti ya muuzaji. Jina la klabu halimo kwenye sentensi hiyo. Baada ya hapo tafuta kipengele kingine, ambacho mara nyingi hakipo kabisa: kinachomlazimisha mnunuzi kuingiza mtaji mpya ndani ya klabu, kwa kiasi kilichotajwa na tarehe iliyotajwa. Nacho kikiwepo, angalia fedha zinaingia kwa njia gani. Akinunua hisa mpya zinazotolewa na klabu yenyewe, huo ni mtaji. Akiikopesha klabu, ameongeza deni, na siku akichoka anaweza kulidai.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi: wanakopa fedha za kuinunulia timu, kisha deni wanaibebesha timu ileile. Familia ya Glazer iliichukua Manchester United mwaka 2005 kwa takriban pauni milioni 790. Zaidi ya nusu ilikuwa mikopo, na klabu iliyokuwa haina deni ikajikuta inalipa riba kwa sababu tu imebadilisha mmiliki.

Sasa huyo mshauri wako. Nasema wazi kwamba ushauri wake ni hatari, na anayeutoa ama hajui kanuni, ama anajua na anataka kamisheni yake kabla moto haujawaka. FIFA inamtambua mrithi wa kimichezo, yaani timu mpya ambayo kimsingi ni mwendelezo wa ile ya zamani. Chombo chake cha nidhamu kinaangalia jina, rangi, makao makuu, wachezaji, wanahisa, daraja inalocheza timu. Vikifanana na vya zamani, deni la zamani linaihusu timu mpya hata kama namba ya usajili wa kampuni ni nyingine. Kocha aliyefukuzwa bila kulipwa na klabu ya nje inayodai awamu ya mwisho ya mchezaji watakufuata, na adhabu inaweza kufika hadi kufungiwa kusajili. Mnaweza kujikuta na jina jipya kwenye makaratasi na dirisha lililofungwa.

Madeni yenyewe hayajifichi. Watu hawataki kuyatazama. Niliwahi kupewa jalada la klabu ambayo muuzaji alisema ina "madeni madogo madogo." Ndani yake kulikuwa na kodi iliyokatwa kwenye mishahara na haikupelekwa serikalini, ankara ya basi ya misimu miwili, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne: makubaliano ya kumlipa wakala asilimia ya mchezaji ambaye alikuwa ameshaondoka. Karatasi ile peke yake ilikula bajeti ya timu ya vijana. Mnunuzi alikuwa ameshapiga picha na jezi.

Ndiyo maana bei ya chini inanitisha kuliko bei ya juu. Mwishoni mwa 2018 klabu ya Bury ya Uingereza iliuzwa kwa pauni 1. Msimu ule ilipanda daraja huku wachezaji hawajalipwa mishahara, na Agosti 2019 ikafukuzwa kwenye ligi iliyokuwa imecheza tangu 1894. Mamlaka ya ligi ilikuja kusema kwamba mmiliki yule hakuwahi kuthibitisha fedha zake zinatoka wapi wala kama zinatosha. Parma ya Italia iliuzwa kwa euro 1, ikabadilisha mikono tena baada ya miezi michache, na Machi 2015 ikatangazwa kufilisika; ilianza upya daraja la nne. Kote huko watu walishangilia siku ya utambulisho. Barua ya benki inayosema fulani ni "mteja mzuri" haithibitishi fedha, na madalali wanaozitembeza barua hizo wanalijua hilo fika.

Kabla ya kuhesabu washambuliaji, ulizeni hati ya uwanja ina jina la nani. Derby County ya Uingereza iliuza uwanja wake kwa kampuni ya mmiliki wake mwenyewe mwaka 2018. Klabu ilipowekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Septemba 2021, kila mnunuzi alilazimika kujadiliana pande mbili. Ilikatwa pointi 21, ikashuka daraja, na aliyeiokoa mwaka 2022 aliununua kwanza uwanja, ndipo akainunua timu.