Naitokaje SBCL?

SWALI: Naanzisha SBCL, programu ya kuendesha lugha ya Lisp, kwa kuandika sbcl, lakini nikikosea herufi moja naona orodha ndefu na alama 0]. Naishia kulifunga dirisha zima. Halafu mipangilio yangu iliyo kwenye faili la .sbclrc haisomwi ninapoendesha faili kwa --script. Kulikoni?

JIBU: Pole, nami nimefunga madirisha mengi kwa hasira. Hiyo 0] ni kitatuzi (debugger), yaani sehemu ya kuchunguza makosa, kinakungoja. Andika nambari iliyo mbele ya neno ABORT, ubonyeze Enter, utarudi kwenye nyota *, pale SBCL inaposubiri amri. Ukitaka kutoka kabisa, andika (exit), mabano yakiwemo. Ukibonyeza Ctrl-D kwenye nyota, inatoka pia.

Ama .sbclrc, hapo hujakosea: --script huiruka kwa makusudi, na huzima kitatuzi. Ukitaka isomwe, andika hivi (kazi.lisp ni jina la faili lako):

sbcl --non-interactive --load kazi.lisp

Itasoma mipangilio, itaendesha faili, kisha itajifunga yenyewe.

Kumbukumbu ikikuishia, ongeza --dynamic-space-size 4096, yaani megabaiti 4096. Iweke mwanzo, mara tu baada ya sbcl, kabla ya --load. Mimi niliwahi kuiweka mwisho, nikahangaika jioni nzima.