Soksi za gripu: kilichonifanya nizinunue na kinachonifanya nizitunze

Kama unacheza soka Nairobi kwa njumu za mitumba, huenda kiatu unachovaa si saizi yako kamili. Mguu wangu ni 41. Njumu nilizozipata soko la Gikomba zilikuwa 42, ngozi haijachakaa, meno ya soli yote yapo. Nilizichukua papo hapo, maana pale ukisema ngoja nizunguke kidogo, ukirudi hazipo.

Nikafanya tunachofanya wengi: nikavaa soksi mbili ili kiatu kijae. Halafu ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mechi ya saa saba mchana pale uwanja wa nyasi bandia wa Camp Toyoyo, Jericho. Nyasi bandia hupata joto kuliko nyasi za kawaida, na siku hiyo joto lilikuwa linapenya soli. Mimi ni beki wa kulia. Kazi yangu ni kukimbia, kusimama ghafla na kugeuka. Kila niliposimama, kiatu kilisimama lakini mguu uliendelea na safari ndani yake. Vidole vikagonga mbele, kisigino kikawa kinapanda na kushuka. Wakati wa mapumziko nilivua soksi taratibu, ya juu kisha ya ndani, na ya ndani ikatoka na ngozi. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimebanduka upana wa sarafu ya shilingi 20. Nilikaa nje wiki mbili, na viatu vya kazini nilivivaa kwa kukanyaga nyuma kama ndara.

Nilikuwa nikiamini lengelenge hutokana na kitu kusugua ngozi kwa juu. Sivyo hasa. Ngozi yenye jasho hunata kwenye soksi, mfupa ulio ndani unaendelea kusogea, na tabaka za ngozi zinavutana huku na huku mpaka zinaachana. Katikati ya mwachano huo ndipo maji yanapojaa. Nilipolielewa hilo nikaona soksi mbili za pamba hazikuwa zikinisaidia: zilinyonya jasho, zikalowa, zikakunjana, na mguu ukaendelea kuteleza vilevile.

Soksi ya gripu ina vidoto vya raba au silikoni kwenye wayo. Vya nje vinashika soli ya ndani ya kiatu, vya ndani vinashika ngozi ya mguu. Mguu na kiatu vinasimama pamoja. Tofauti niliisikia mazoezini siku ya kwanza, nilipojaribu kumfuata winga aliyekata ndani ghafla. Niligeuka bila ile nusu hatua ya kusubiri mguu utulie kwenye kiatu. Sikuongeza kasi, na mtu asikudanganye kwamba utaongeza. Nilichopata ni kuuamini mguu wangu, na kwa beki hicho ni kitu kikubwa. Vidole havigongi tena mbele, na ukucha wa kidole gumba uliokuwa mweusi kila baada ya mwezi umekua mpaka mwisho.

Sasa kuhusu kununua. Soksi zenye vidoto zimevaliwa miaka mingi na wagonjwa hospitalini wasiteleze sakafuni, na watu wa yoga pia. Za soka zilipata umaarufu kupitia kampuni ya Trusox ya Jim Cherneski, Mmarekani aliyewahi kucheza na kufundisha soka, na wachezaji kama Luis Suárez na Gareth Bale walipoonekana wakizivaa, kila mtu akazitaka. Wauzaji wa mjini huzichanganya zote kwenye rundo moja. Kwa hiyo igeuze soksi kabla ya kulipa. Kama ndani ni kitambaa laini kitupu, itashika kiatu lakini mguu utateleza ndani ya soksi, na hapo umerudi ulikotoka. Kisha kwaruza kidoto kimoja kwa ukucha. Kikiinuka pembeni, kitabanduka baada ya kufuliwa mara tatu. Jozi yangu ya kwanza niliinunua shilingi 300 kutoka kwa kijana mmoja aliyeniapia, "Boss wangu, hizi ni orijino." Vidoto vilibaki kwenye beseni.

Na tafadhali, usinunue soksi hizi ili kuokoa kiatu kilichokuzidi saizi mbili. Nimeona vijana wetu wakijaribu. Soksi inashika ngozi kwa nguvu, kiatu kinacheza, na mvutano ule ule unazidi. Mtoto anatoka uwanjani akiwa ameumia kuliko angevaa soksi ya kawaida. Kwa kiatu kilichopita kidogo, kama changu, zinafaa sana. Kikizidi hapo, heri pesa hiyo uiweke akiba ya njumu nyingine.

Kuzivaa nako kuna namna yake. Mguu hauingii kwa kusukuma. Legeza kamba mpaka chini, ingiza vidole kwanza, gonga kisigino chini ndipo ufunge. Soksi ya timu naikata kwenye kifundo, nabaki na kipande cha kufunika ugoko na kinga zake, kisha nafunga tepu pale zinapokutana. Angalia rangi ya tepu hiyo. Sheria ya 4 ya soka inataka ifanane na rangi ya sehemu ya soksi inayofunikwa, na mimi niliwahi kutolewa nje na refa dakika ya 10 nikabandue tepu nyeupe kwenye soksi nyekundu, wenzangu wakicheza pungufu.

Ukipata lengelenge, usilitoboe. Likipasuka lenyewe, lioshe kwa maji safi na sabuni, acha ile ngozi ifunike kidonda, kisha weka plasta. Ukiona usaha au wekundu unaosambaa, nenda kliniki. Wala usiazimane soksi na mwenzako hata kama ni ndugu yako. Fangasi wa miguu haulizi.

Jozi niliyo nayo sasa ina mwaka na nusu. Naifua kwa mkono usiku uleule wa mechi, nimeigeuza ndani nje, maji baridi, sabuni kidogo, bila ile dawa ya kulainisha nguo kwa sababu huacha utando kwenye raba. Siikamui kwa kuisokota. Naifinya tu, kisha naianika kivulini kwenye kamba ya nyuma, mbali na jua linalokausha raba ikapasuka. Kidoto cha chini ya kidole gumba cha kulia, kile ninachokigeukia, kimeanza kuwa laini.