make -j8 inakufa, make ya kawaida inapita

SWALI: Habari ya kazi fundi? Niko na laptopu ya mtumba nilinunua Luthuli Avenue, memori 8GB, na kuna programu ya C nakompaili mwenyewe. Nikiweka make -j8 (yaani make, ile inayoendesha kompaila, ifanye kazi nane kwa pamoja) inakufa ikifika lexer.c, ati parser.h: No such file or directory, na nikiangalia kwa foda hiyo faili iko hapo inaniangalia tu! Nikirudia amri bila kugusa kitu, inapita. make bila -j haijawahi kuniangusha ila ni pole pole sana, na bei ya tokeni za stima unaijua. Jirani anasema niongeze RAM.
Msomaji, Kahawa West

JIBU: Dadangu, usitoe pesa bado. RAM ikiisha, Linux yenyewe ndio huua kompaila, ungeona neno Killed na dmesg (amri ya kuonyesha ujumbe wa Linux) ingekutajia marehemu, na hapo dawa ni kushuka tu hadi -j2. (Kuna watu huandika -j bila namba, yaani make ianzishe kila kazi iliyo tayari bila kikomo, halafu wanashangaa mausi imeganda.)

Yako ni ingine. Ukiona parser.y kwa foda, jua parser.h haikuja na sosi, inatengenezwa kutoka parser.y na programu inayoitwa bison hapo hapo ukijenga, na mwenye programu hakuandika kwa Makefile (faili ya maagizo ya make) kwamba lexer.o, yaani lexer.c ikishakompailiwa, inaihitaji. Kazi zikienda moja moja parser inatangulia kwa bahati tu, lakini ukiachilia nane ni kama mjengo ambao fundi wa plasta amefika ukuta haujainuka na hakuna aliyemwambia angoje. Mara ya pili ukuta ushasimama, ndio maana inapita.

Kuhakikisha, piga make clean, angalia parser.h imefutika kweli, kisha make --shuffle=reverse, iko kuanzia GNU Make 4.4 ya 2022. Hii inageuza mpangilio, kwa hivyo ikianguka hata bila -j umemshika mwizi.

Halafu ongeza mstari huu kwa Makefile: lexer.o: parser.h. Ila angalia pia kama kuna parser.c parser.h: parser.y, maana hiyo watu wengi hudhani ni kazi moja kumbe make huisoma kama mbili, na ukiweka -j bison inaweza kuitwa mara mbili zikiandikiana juu. Kuanzia Make 4.3 unaweka &: badala ya : na inakuwa moja.

Ikikubali, watumie wenye programu hiyo mistari, wasikuachie ukiirekebisha kila toleo jipya likitoka.