Anti nijibu: wakishamwandika ana usonji, hilo jina si litamfuata maisha yote?

Toleo lililopita niligusia usonji, ile hali ambayo kwa Kiingereza wanaiita autism, kwa mistari miwili tu, meseji zikamiminika mpaka nikashangaa. Nimechagua nne. Niseme mapema kwamba mi si daktari, ila ni mama wa kijana mwenye usonji, ana miaka 11 sasa, kwahiyo mengi ninayoyajibu hapa nimeyapitia.

Shikamoo anti. Mwanangu wa kiume ana miaka mitatu na miezi minne, hasemi, yani anasema "maji" na "baba" tu na siku nyingine hata hizo hasemi. Ukimwita hageuki lakini fungua pakti ya biskuti chumba cha pili utamuona anakuja mbio. Akitaka kitu haonyeshi kwa kidole, anashika mkono wangu anaupeleka mpaka kwenye friji. Anapanga vifuniko vya soda mstari mrefu, ukivigusa analia mpaka anatapika. Dokta kasema ana dalili za usonji akatuandikia rufaa ya Muhimbili. Baba yake kakataa kabisa, anasema wakishamwandika hilo jina litamfuata shuleni mpaka kazini. Mama mkwe anasema watoto wa kiume huchelewa, hata baba yake alisema akiwa na minne. Majirani wanasema ni simu. Rufaa iko kabatini wiki ya sita. Mama wa Mbagala

Marahaba mwanangu. Itoe hiyo karatasi kabatini.

Nianze na mama mkwe maana hajasema uongo, wapo watoto wanaochelewa kusema wakaja kuwapita wenzao. Lakini yule aliyechelewa maneno tu utamuona anakuonyesha ndege kwa kidole halafu anakuangalia usoni kama umemuona na wewe, anakuletea mchezo wake uuone, anaitika kwa macho. Wewe hujaniandikia habari ya maneno peke yake, umeniandikia mtoto asiyegeuka akiitwa, asiyenyoosha kidole, anayetumia mkono wako kama vile ni rimoti. Hivyo vyote vikija pamoja havisubiriwi. Mi niliambiwa kwenye kituo kimoja "mpe muda mama, atasema tu," nikampa muda, miaka miwili nzima, na hiyo miaka miwili naiwaza mpaka leo.

Huko mnakoenda msitegemee kipimo cha damu wala picha ya kichwa itakayosema huyu anao huyu hana, haipo. Watakaa na mtoto, watamuangalia anavyocheza, watawauliza maswali mengi kuanzia mimba, kuzaliwa, alikaa lini, alitembea lini. Waombe wampime na masikio hata kama biskuti anazisikia, kwasababu mtoto anaweza kusikia sauti za aina fulani na nyingine zikampita.

Simu haileti usonji. Leo Kanner, daktari wa akili za watoto kule Baltimore, Marekani, aliandika ripoti yake ya watoto 11 mwaka 1943, wakati ambao hata tivii majumbani ilikuwa karibu hakuna. Usonji ni namna ubongo unavyojijenga tangu mtoto yuko tumboni, na sehemu kubwa inatokana na urithi wa kwenye damu. Ila simu mpunguzie, maana saa moja ya katuni ni saa moja ambayo hakuna mtu anayeongea naye, na yeye anahitaji kuongeleshwa kuliko mtoto mwingine yeyote hapo nyumbani.

Sasa baba yake. Simlaumu hata kidogo, hofu yake imetoka kwenye mapenzi, na ni kweli majina yanaumiza. Lakini muulize kwa upole, hivi sasa hivi mtoto hana jina? Nina uhakika mtaani wanamwita bubu, wengine wanasema mtundu, wengine wanasema mama yake kamdekeza, na akianza shule atapewa zezeta au taahira na hakuna daktari atakayekuwa amemwandika. Mtoto wa aina hii hakosi jina. Kinachobaki ni kama atapewa na mtu aliyekaa chini akamuangalia vizuri, au atapewa na mtu anayepita njia.

Na lile jina la hospitali halitabiri kitu. Katika wale watoto 11 wa Kanner wa kwanza kabisa aliitwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest kule Mississippi. Akiwa na miaka mitatu wazazi wake walishashauriwa wamuweke kwenye taasisi, wakamuweka, baadae wakaenda kumchukua. Akapelekwa kukaa na mke na mume wakulima, na hawa watu hawakusoma saikolojia popote, walimuona tu kwamba anapenda kuhesabu basi wakamwachia ahesabu mistari ya mahindi huku analima na farasi, anapenda kupima vitu basi wakampa kazi ya kisima apime kina chake. Donald alimaliza chuo, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake, akafariki 2023 ana miaka 89. Sasa Kanner alirudi kuwafuatilia wale watoto, mwaka 1971 akaandika alichokikuta, na wale waliofungiwa kwenye mahospitali makubwa ya serikali walififia, hata kile kidogo walichokuwa nacho utotoni kikapotea. Jina lilikuwa lilelile kwa wote. Hili jambo mi huwa nalirudia kwa kila baba anayeniuliza swali la mume wako, kwasababu linaonyesha mahali walipowekwa na watu waliokaa nao vilichangia sana kuwatenganisha.

Wanaweza pia kukuambia ngazi, ya 1, 2 au 3. Usiipokee kama matokeo ya mtihani. Inasema kwa sasa anahitaji msaada kiasi gani, mwakani inaweza kubadilika.

Karatasi ya majibu ni yenu. Mnampa mtaalamu wa usemi, mnampa mwalimu mkuu siku ya kuandikisha (Msimbazi Mseto pale Ilala wana kitengo cha watoto wenye usonji, nenda hata kuangalia tu), na mtaani hamlazimiki kumtangazia mtu. Na vile vifuniko usivitupe mama. Kaa naye chini, mpe kimoja kimoja, kila kimoja sema "kifuniko", subiri akuangalie ndo umpe kingine. Hiyo unaweza kuanza leo jioni kabla hata ya tarehe ya Muhimbili.

Assalam aleikum dada. Mimi niko Mombasa. Binti yetu ana miaka miwili na nusu, alikuwa akisema maneno kama kumi hivi kisha akanyamaza. Hospitali wametwambia ni usonji. Mamangu amshikilia mke wangu kwamba alipita mahali pabaya na mimba wakati wa magharibi, wataka mtoto akasomewe, na kuna mzee amesema afukizwe kila usiku. Ndugu yangu naye kanitumia video ya watsap yasema ni ile sindano ya surua. Mke wangu halali, kila siku ni kulia. Baba wa Binti

Waaleikum salaam kaka, na ahsante kwa kuandika, akina baba huwa hawaandiki.

Mke wako hakufanya kitu. Nataka umsomee hapa kama ilivyoandikwa. Kulaumu akina mama hakukuanza Mombasa, Marekani miaka ya 50 na 60 madaktari wazima na digrii zao walikuwa wanasema usonji unaletwa na mama mwenye moyo wa barafu asiyempenda mtoto, na akina mama wakabeba hiyo dhambi miaka na miaka mpaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye naye mwanawe alikuwa na usonji, alipoivunja hoja yao kwa maandishi. Wenu wanasema magharibi, wale walisema barafu, mzigo ni uleule na anayebebeshwa ni yuleyule.

Kusomewa dua mi sipingi, dua ni faraja ya familia nzima na mama yako anaomba kwa imani yake. Ila kufukiza sikubali kabisa, kifua cha mtoto wa miaka miwili hakistahimili moshi kila usiku, na watoto wengi wa hivi harufu na moshi vinawatesa kuliko sisi. Na akitokea mtu wa kumpiga ili kitoke, au wa kusema kliniki muache kwanza, hapo kaka simama kama baba, mbele ya mamako, kwa heshima lakini simama.

Hii ya chanjo tuimalize. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha utafiti wa watoto 12 tu, kumi na mbili, akaunganisha chanjo ya surua na usonji. Baadae ikaonekana taarifa za wale watoto zilipindwa, na kwamba alikuwa analipwa na mawakili waliotaka kuwashtaki watengenezaji wa chanjo, jarida likaufuta huo utafiti mwaka 2010 na yeye mwaka huohuo akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Denmark waliwafuatilia watoto zaidi ya laki sita na nusu, wakatoa majibu 2019, waliochanjwa hawakupata usonji kuliko wasiochanjwa. Kinachowachanganya watu ni umri. Surua inachanjwa miezi 9 na miezi 18, na ni kipindi hichohicho dalili zinaanza kuonekana, na wapo watoto kama bintiyo ambao maneno yanakuja halafu yanarudi nyuma, basi mzazi akitafuta siku ya kuilaumu anaikuta ile ya sindano. Ndugu zetu Wasomali walioko Minnesota walitishwa hivihivi, wengi wakaacha kuchanja, 2017 surua ikawaingia majumbani watoto wakalazwa. Surua inaua.

Hilo la maneno kurudi nyuma mweleze daktari wazi, umwambie na tarehe kama unazikumbuka, na kama umewahi kumuona anakodoa macho ghafla au anakakamaa sema pia, kwasababu kifafa huenda pamoja na usonji kwa baadhi ya watoto na kina dawa zake. Halafu kaunti yenu ina kituo cha tathmini ya elimu, EARC, muulizieni huko mapema kabla hajafika umri wa shule. Na umshike mkono mke wako mbele ya watu, mama yako akuone.

Habari anti, nafundisha darasa la kwanza Morogoro, wanafunzi 84. Kuna mtoto anaziba masikio kengele ikilia, anarudia maneno yangu kama mwangwi, anazunguka darasani. Nimeambiwa niandike kwenye ripoti kuwa ana usonji ili ahamishwe. Wazazi wengine wanasema atawaambukiza wenzake. Mwalimu

Mwalimu wangu, 84, Mungu akutie nguvu.

Hauambukizi. Waambie kwenye kikao, kwa sauti.

Usiandike usonji. Wewe si wa kuutaja huo, andika ulichokiona: anaziba masikio kengele ikilia, anarudia sentensi, na kama akibadilishiwa sehemu ya kukaa analia dakika ishirini, andika hivyohivyo. Hiyo inamsaidia mtaalamu kuliko neno moja, na haimfungi mtoto kama umekosea, maana inawezekana ni masikio, inawezekana ni kitu kingine kinachompata huko nyumbani. Muite mzazi kwanza kabla hujampa mtu yeyote hiyo ripoti. Na kuhamishwa iwe ni kwenda mahali penye mwalimu aliyesomea, kama wale wanaotoka chuo cha Patandi kule Arusha, isiwe ni kumtoa tu ili darasa litulie.

Mpaka hapo, mkalishe mbali na kengele na umwambie kabla haijalia. Mchoree ratiba ya siku kwa picha, kalamu na boksi la katoni vinatosha. Sentensi fupi. Kiboko usimguse nacho, haelewi kinatoka wapi, anajifunza kukuogopa tu.

Mambo anti, mdogo wangu ana miaka 9 ana usonji, anaongea vizuri tu. Watu wakisikia wanasema ooh hao ni majiniasi, ana kipaji gani, na yeye hana kipaji chochote cha ajabu, anapenda daladala basi. Juzi kaniuliza "dada kwanini mimi naenda kwa yule mama wa mazoezi na wewe huendi?" Mama amekataza asiambiwe. Mimi naona aambiwe. Dada Mkubwa, Tanga

Poa mwanangu, na umenigusa sana na hiyo "anapenda daladala basi."

Hilo la ujiniasi linasemwa kwa nia nzuri lakini nalo ni mzigo. Wapo wenye kumbukumbu za ajabu, wengi hawana, wapo wenye shida ya kujifunza, wapo wa kawaida kabisa kama mdogo wako. Asiyetoa maajabu anaonekana kama ameshindwa hata usonji wenyewe, na hiyo si haki. Mtu akikuuliza ana kipaji gani mjibu anapenda daladala, anajua ruti zote, ukitaka kwenda Raskazone muulize.

Kumwambia, mi niko upande wako, ila mama asizungukwe. Mpelekee hili swali la mtoto kama alivyolisema, neno kwa neno, naamini atalisikia. Mtoto akishauliza ameshajiona kwamba ana tofauti, na asipopewa neno atajitafutia mwenyewe, mara nyingi ni "mimi mbaya" au "mimi mjinga". Wangu aliniuliza akiwa na miaka 8, tukiwa tunafua. Sikutoa hotuba. Nilimwambia kichwa chako kinasikia sauti kwa nguvu kuliko cha kwangu, ndo maana blenda inakuumiza, na kinakumbuka njia kuliko cha kwangu, na wakati mwingine kinachelewa kujua mtu amekasirika, na kichwa cha namna hiyo kinaitwa cha usonji, na wako wengi duniani wenye hicho. Akauliza kama yule wa dukani anacho. Nikamwambia sijui, tusimuulize. Akaendelea kukamua nguo.