Karafuu na pilipili manga kwenye baridi ya Njombe

Ndugu, umeuliza kama miche ya karafuu na pilipili manga kutoka Tanga itahimili Njombe. Hapana, okoa hela yako. Mimea hiyo huumia hata kabla ya jalidi, yaani baridi kali inayogandisha maji. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 usiku kadhaa mfululizo, mizizi inashindwa kuvuta maji na majani yananyauka huku udongo umelowa. Wengi hapo huzidisha kumwagilia, mizizi ikaoza! Jalidi ya Juni na Julai ikipiga, maji yaliyomo majanini huganda na kuvunja seli. Jua likipanda, majani yamekuwa meusi na laini kama mchicha uliochemshwa. Iliki nayo iache, hata chini ya kivuli.

Kwa huko weka giligilani na kitunguu saumu. Giligilani changa huvumilia jalidi nyepesi, hasa baridi ikiingia polepole, maana hupata muda wa kulimbikiza sukari kwenye seli. Ikishatoa maua ndipo inaumia. Saumu yenyewe inaitaka baridi. Ikiikosa, mara nyingi unavuna kitunguu kimoja cha duara kisichogawanyika punje.